Kidole, mshipa, mkojo au sahani? Vipimo vya upungufu wa vitamini na madini kwa mama na mtoto, bega kwa bega

Mwezi uliopita afisa lishe mmoja wa Temeke alinipigia simu usiku. Ana mashine moja ya HB (himoglobini), ana hela ya kuzungukia mitaa sita kwa wiki mbili, na bosi wake anataka "hali ya vitamini na madini" kwa akina mama na watoto wa chini ya miaka mitano. "Kaka, tupime nini?" Nikamuuliza, majibu yakitoka nani atafanya nini nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si tutayapeleka kwenye kikao."

Simlaumu. Nimekuwa mchukua sampuli kwenye tafiti za lishe hapa mjini kwa miaka mingi, kwanza nikiwa wa kubeba boksi la barafu, baadaye nikisimamia timu, na karibu kila kazi niliyoshiriki ilianza na kifaa kilichokuwepo stoo, swali likatafutwa baadaye. Basi nitavilinganisha vipimo hivi kwa namna vinavyokwenda hapa Dar es Salaam, kwenye joto letu, unyevu wetu na umeme wetu, na nitasema kipi ningekichukua na kipi ningekiacha.

HB peke yake, au HB na feritini

HB anaijua kila mama aliyewahi kushika kadi ya kliniki. Inapima himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na jibu linatoka papo hapo. Mistari yake imesogezwa juzijuzi, kwa hiyo angalia unatumia upi. Kwa miaka mingi mtoto wa miezi 6 hadi 59 alihesabiwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umeushusha mstari hadi 10.5 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, na wa miezi 24 hadi 59 wamebaki kwenye 11. Mwanamke asiye mjamzito mstari wake ni 12. Mjamzito ni 11 miezi mitatu ya mwanzo, 10.5 mitatu ya katikati, kisha 11 tena, kwa sababu katikati ya mimba maji ya damu huongezeka kuliko chembe zenyewe. Ukilinganisha takwimu zako za mstari mpya na za mwenzako za mstari wa zamani, utatangaza maendeleo ambayo hayapo.

Shida ya HB ni jinsi inavyosomwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 uliona asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 na asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Namba hiyo ikifika kikaoni inageuka: "Asilimia 58 ya watoto wamekosa madini chuma." Hapana. Damu hupungua kwa malaria, kwa safura na kichocho, kwa selimundu, kwa kukosa foleti au vitamini B12, kwa mimba zilizofuatana, kwa hedhi nzito. Chuma ni mshukiwa mkuu, lakini mshukiwa hahukumiwi kabla ya ushahidi.

Na gharama ya kuhukumu mapema tunaijua, tena hapa hapa nchini. Mwaka 2006 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Pemba, ambako watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika eneo lililokuwa na malaria kali. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati: watoto waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi ya wale ambao hawakupewa. Walipochambua kundi dogo lililopimwa kwa undani, wale waliokuwa kweli wamepungukiwa chuma na damu walinufaika, na madhara yaliegemea kwa wengine. HB peke yake haiwezi kukutenganishia makundi hayo mawili.

Feritini inaweza, kwa masharti. Feritini huonyesha ghala la chuma mwilini: chini ya mikrogramu 12 kwa lita kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, au chini ya 15 kwa mwanamke, ghala limeisha. Sharti lenyewe ni kwamba feritini hupanda mtu anapopambana na maambukizi, hata kama ghala ni tupu. Nakumbuka mtoto mmoja wa Keko, miezi kumi na minane, kamasi zinamchuruzika, feritini yake ilikuja 24. Kwa mstari wa kawaida anaonekana yuko salama. Lakini CRP, protini inayopanda mwili ukiwa kwenye inflamesheni (yaani ukipambana na maambukizi au jeraha), ilikuwa juu mno ya miligramu 5 kwa lita, na kwa mtoto wa namna hiyo mstari wa feritini ni 30 badala ya 12. Yule mtoto hakuwa na akiba. Bila CRP ningemwandika mzima.

Kwa hiyo feritini haisafiri peke yake. Inataka CRP, ambayo hupanda na kushuka haraka, na AGP, protini nyingine ya aina hiyo, ambayo huchelewa kupanda na hukaa siku nyingi zaidi. Ukiwa na zote mbili unampata anayeanza kuumwa na anayepona. Baada ya hapo una njia tatu. Unaweza kupandisha mstari kwa wagonjwa (30 kwa watoto wadogo, 70 kwa wanawake), unaweza kuwatoa wagonjwa kwenye hesabu, au unaweza kurekebisha kwa hesabu ya kitakwimu kama wanavyofanya watu wa BRINDA, mtandao wa watafiti wa inflamesheni na vipimo vya lishe. Ile ya kuwatoa siipendi hata kidogo. Watoto wanaougua mara kwa mara ndio hasa uliokuja kuwatafuta, sasa unawafuta kwenye jedwali?

Yupo na binamu wa feritini, kipokezi cha transferini, ambacho wengi hukiita sTfR. Hakisumbuliwi sana na inflamesheni ya kawaida. Ila hupanda pia uboho unapofanya kazi ya ziada, kama kwa mwenye selimundu au aliyetoka kuugua malaria, na vifaa vya makampuni tofauti havitoi namba zinazolingana. Ningekichukua kama shahidi wa pili tu.

Uamuzi wangu: kama shabaha yako ni wajawazito wa kliniki ambao kwa utaratibu wa nchi wote hupewa vidonge vya chuma na foliki, HB inatosha, feritini haitabadilisha utakachompa. Tena utafiti wa hapa hapa Dar es Salaam uliotoka mwaka 2015 uliwachukua wajawazito 1,500 ambao HB na feritini zao zilionyesha hawana upungufu, nusu wakapewa chuma, na malaria ya kondo la nyuma haikuongezeka. Lakini kama unafikiria kuwapa chuma watoto, au kujenga hoja ya kurutubisha chakula, HB bila feritini na CRP ni kupoteza muda wa watu.

Kidole au mshipa

Kidole kina umaarufu wake na naelewa. Mama hashtuki, mtoto analia kidogo, kikuveti, kile kijisahani kidogo cha plastiki, kinavuta mikrolita kama kumi, HemoCue, mashine ndogo ya HB, inatoa jibu ndani ya dakika. Ukimkuta mama ana HB 6.4 unaandika rufaa hapo hapo na unamsindikiza kituoni. Feritini haina fadhila hiyo. Jibu lake linakuja miezi baadaye, mtoto ameshahama mtaa.

Lakini tone moja la kidole ni kigeugeu. Mtaalamu wangu mmoja, kijana mzuri tu, alikuwa na tabia ya kukikamua kidole kama anakamua ndimu. Ukikamua, maji ya kwenye nyama huchanganyika na damu, na HB inashuka kwa mkono wako mwenyewe. Mtaa wake siku ile ulionekana na upungufu wa damu kuliko mitaa ya jirani, kumbe tofauti ilikuwa mkono wake tu. Kidole cha kati au cha pete, futa tone la kwanza, acha linalofuata lijikusanye lenyewe, jaza kikuveti mara moja bila mapovu. Ukikosea, anza na kingine, usijazie juu.

Halafu kuna unyevu. Vikuveti vya HemoCue 201+ vina kemikali kavu ndani, na hewa ya Dar inazila. Kopo likifunguliwa linahesabiwa miezi mitatu, lakini hiyo ni kwa mtu anayefunga kifuniko. Nimekuta kopo liko wazi juu ya meza ya serikali ya mtaa, feni inalipulizia, mhudumu amekwenda kunywa chai. Vya 301 havina kemikali, kwa hiyo kwa pwani hii ningevipendelea. Faraja yetu ni moja: tuko usawa wa bahari, kwa hiyo HB ya Dar haihitaji kurekebishwa kwa mwinuko. Ukiilinganisha na ya Njombe au Mbeya, wao lazima warekebishe, la sivyo mwinuko wa kule utaficha upungufu wa damu.

Mwongozo wa 2024 unapendekeza damu ya mshipani na mashine ya maabara. Nakubaliana nao, kwa sababu ya ziada ambayo ni ya kimfukoni: mchomo mmoja wa mshipani unakupa HB, feritini, CRP, AGP, vitamini A na foleti kwa pamoja. Kizuizi ni watu. Mbagala tulibisha hodi kwenye nyumba moja, bibi akatoka na kanga ya kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo damu ya mjukuu wangu mnakwenda kuiuza wapi?"

Mjumbe akaanza kueleza serikali, utafiti, kibali. Bibi hakusikia hata neno. Mwenzangu, dada mmoja mwenye hekima kuliko shahada zetu zote, akaomba kijiko cha chai kutoka jikoni kwa bibi huyo huyo, akakijaza maji. "Bibi, ni hiki tu. Hakizidi." Bibi akakiangalia, akakimwaga maji uani, akasema haya, lakini atamshika mwenyewe. Tangu siku ile kijiko cha chai kimo kwenye orodha ya vifaa vyetu.

Hata hivyo, mshipa utakunyima baadhi ya watoto. Wengine watakataa, na wa miezi minane mnene mshipa hauonekani. Mwanzoni mwa kila kazi nauliza: nina mtu anayeweza kumtoboa mtoto mara moja akapata? Kama yupo mmoja tu, nampa watoto wote na wengine wanabaki na akina mama. Kama hayupo, nachukua kidole, lakini natumia kichupa kidogo cha kukusanya matone kadhaa yachanganyike badala ya kutegemea tone moja.

Tone kavu au seramu ya barafu

Hapa ndipo pesa nyingi za tafiti za Dar zinapoyeyukia, kihalisia kabisa.

Tone kavu ni damu iliyodondoshewa kwenye karatasi maalumu ikaachwa ikauke. Haina mahitaji ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu mpaka itengane) wala barafu siku ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliitumia njia hii kupata vitamini A na hali ya chuma kwa nchi nzima, na uliona takriban theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano wana vitamini A ndogo. Kwa timu inayozunguka vijijini siku kumi bila umeme, sijui njia nyingine yenye akili kuliko hiyo. Ila karatasi hainyamazi mbele ya unyevu. Wakati wa masika matone yanachelewa kukauka. Ukiyafungia mabichi yanaota ukungu. Yataka usiku mzima kwenye rafu, mifuko ya kufunga kwa zipu, vipakiti vya kunyonya unyevu, na kile kikaratasi kinachobadilika rangi hali ikiharibika. Halafu kuna pingamizi la kitaalamu: feritini haikai vizuri kwenye tone la damu nzima, kwa sababu chembe nyekundu zenyewe zina feritini yake na zikipasuka inachanganyika. Ndiyo maana njia ya tone kavu huegemea sTfR na RBP, protini inayobeba vitamini A.

Seramu, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, inakupa kila kitu, ikifika salama. Kuna maabara ya Ujerumani, VitMin Lab, ambayo kwa mikrolita 30 tu za seramu hupima feritini, sTfR, RBP, CRP na AGP kwa pamoja. Njia yake ilichapishwa mwaka 2004 na imetumika dunia nzima kwa sababu ni rahisi bei. Kipo pia kisahani cha kampuni ya Quansys chenye vipimo saba kwa mpigo, ikiwemo alama ya malaria. Ukipeleka nje, anza mapema na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwani sampuli za Watanzania hazivuki mpaka bila mkataba wa kuhamisha sampuli, na hiyo karatasi haisainiwi ndani ya wiki.

Nieleze na aibu yangu. Mwaka fulani tuliazima nafasi kwenye friza la maabara moja ya hapa mjini. Ijumaa jioni nikaweka sampuli za siku mbili, nikasaini daftari, nikaenda zangu. Umeme ulikatika usiku wa Jumamosi. Jenereta lilikuwepo, dizeli haikuwepo. Jumatatu nikafungua friza nikakuta vichupa vinaelea kwenye maji yenye rangi ya chai ya rangi, lebo zimejikunja. Kosa la maabara lilikuwa dizeli. Langu lilikuwa kubwa zaidi: sikuwa nimegawa seramu kwenye vichupa viwili na kuvilaza sehemu mbili tofauti. Ukichukua seramu Dar, gawa mara mbili. Friza mbili, mitaa miwili, laini mbili za umeme kama unaweza.

Vitamini A: retinoli, RBP, au kuuliza macho

Retinoli, yaani vitamini A iliyomo kwenye damu, hupimwa kwa mashine ghali, na mwanga huiharibu. Mirija unaifunika kwa karatasi ya alumini kama unafunika wali. Chini ya mikromoli 0.70 kwa lita ni upungufu, na asilimia 20 ya watoto wakiwa chini ya hapo tatizo la jamii linahesabiwa kuwa kali. RBP ni protini inayoibeba retinoli, kwa hiyo zinatembea pamoja, na ni rahisi zaidi kuipima. Ningechukua RBP kwa wote na retinoli kwa kundi dogo la kulinganishia, basi.

Onyo ni kwamba mwili hulinda retinoli ya damu mpaka ini limekaribia kuisha kabisa. Namba hii ni ya kuhukumu wilaya, si ya kumhukumu mtoto wa Mama Zuhura. Na zote mbili hushuka kwa maambukizi, kinyume cha feritini. CRP ile ile inakuokoa tena. Angalia pia kalenda: matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba, ya bluu kwa wa miezi 6 hadi 11 na mekundu kwa wa mwaka hadi miaka mitano. Ukipima Julai bila kuandika tarehe ya kampeni, msomaji hatajua amesoma chakula au amesoma kidonge.

Kuuliza kuhusu kutoona jioni hakuna gharama. Kwa waliojifungua hivi karibuni, waulize kuhusu mimba ya mwisho, uliza pia kama mchana waliona vizuri. Ikifika asilimia 5 ya wajawazito, ni ishara ya tatizo. Kwa mji wenye taa kila kona kama huu, majibu huwa mafupi na yenye mashaka. Ningeliongeza swali hilo kwenye dodoso, nisilitegemee.

Zinki: acha, au ifanye sawasawa

Zinki ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiongeza dakika ya mwisho kwa sababu "damu si tunayo tayari". Mrija wa kawaida wenye kizibo cha mpira unatoa zinki. Poda ya glovu ina zinki. Vumbi la barabara ya Mbagala lina zinki. Chembe nyekundu zikipasuka, zinki inamwagika ndani ya seramu. Unataka mirija maalumu ya kifuniko cha bluu iliyokolea, glovu zisizo na poda, barafu papo hapo, na seramu itenganishwe haraka.

Saa nayo ni kipimo. Mtoto mstari wake ni mikrogramu 65 kwa desilita asubuhi, ila 57 mchana. Mwanamke asiye mjamzito aliyefunga asubuhi ni 70, mchana ni 59. Sasa fikiria mama muuza mboga wa Kariakoo aliyetoka nyumbani alfajiri: unamkuta saa kumi jioni. Mwenzake wa Masaki unamkuta saa mbili asubuhi. Usipoandika saa ya kila sampuli na saa ya mlo wa mwisho, tofauti yako ya tajiri na maskini itakuwa tofauti ya saa ya ukutani. Uliza pia kama mtoto alikuwa na tumbo la kuhara wiki zile, maana watoto wa namna hiyo hupewa vidonge vya zinki siku 10 hadi 14.

Bila sentrifuji karibu na gari, mimi zinki naiacha kabisa.

Madini joto: mkojo rahisi, hesabu ngumu

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Kikombe cha mkojo, hakuna sindano, hakuna bibi wa kukuuliza unauza wapi. Kwa wanawake wasio wajawazito unataka namba ya katikati ya kundi iwe kuanzia mikrogramu 100 kwa lita, kwa wajawazito 150 hadi 249. Namba ya katikati ya kundi. Mkojo wa mtu mmoja unapanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo kulingana na chumvi na maji aliyokunywa, kwa hiyo sentensi "asilimia 30 ya wanawake wana upungufu kwa kuwa mkojo wao uko chini ya 100" ni kosa, hata likichapishwa kwenye karatasi ya kung'aa. Kwa watoto wadogo wasiojua choo, kukusanya mkojo ni kazi ya subira. Pima mama zao.

Chumvi ya nyumbani ni nyongeza nzuri. Kile kichupa cha tone kinachoibadilisha chumvi kuwa ya zambarau kinakuambia madini joto yapo au hayapo tu. Kujua kama yanafika sehemu 15 kwa milioni lazima upime maabara. Pwani hii bado inauza chumvi ya mawe ya wazalishaji wadogo, ndani ya viroba visivyo na lebo, na ukienda gengeni utaikuta imepangwa kando ya ile ya pakiti. Usipime chumvi kwenye chumba kile kile unachopimia mkojo, na usiruhusu mtu kusafisha ngozi kwa dawa ya madini joto kabla ya kuchukua sampuli. Itakuharibia siku nzima.

Foleti na B12

Foleti ipime kama unataka kujua kama unga wa ngano uliorutubishwa unafika, maana kanuni za kurutubisha unga na mafuta zipo tangu 2011, na utafiti uliofanyika Dar baada ya hapo uliona foleti ya wanawake imepanda. Foleti ya ndani ya chembe nyekundu ndiyo inayozungumzia mimba: kwa jamii, unataka ifike nanomoli 906 kwa lita ili watoto wengi zaidi wasizaliwe na kasoro za uti wa mgongo. Kipimo chake cha kuaminika hutumia bakteria hai na maabara chache hukifanya. B12 ikiongezwa kwenye seramu ile ile, sawa. Kwa familia zinazokula dagaa kila siku siwezi kuiweka mbele.

Sahani au damu

Bajeti ya afisa wangu wa Temeke ndiyo inayokutana na sahani, yaani kuuliza mtu alikula nini. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kuna kipimo cha makundi kumi ya chakula, na aliyekula angalau matano tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi anahesabiwa ana mlo mchanganyiko. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 makundi ni manane, ziwa la mama likiwemo, na unataka matano. Hakuna barafu, na dada yeyote aliyefundishwa siku mbili anaweza kuhoji.

Uzuri wake unategemea mhoji. Chipsi mayai na kachumbari ni makundi matatu: viazi, yai, mboga nyingine. Chai na maandazi ni moja, na sukari haihesabiwi. Ugali na matembele na dagaa ni matatu, ila dagaa wafike angalau gramu 15, kama kijiko kikubwa. Nimeona fomu ambapo kipande cha nyanya ndani ya mchuzi kilipandisha nyumba nzima kutoka manne hadi matano. Muulize mama, "Kwenye sufuria uliweka ngapi, na mlikuwa wangapi?" Utasikia mengine. Na usipouliza "Na huko nje ulikula nini?", hutasikia habari ya mihogo ya kuchoma wala ya ule udongo wa pemba ambao wajawazito hununua vipande vipande sokoni na kuutafuna kimya kimya. Udongo huo si kundi la chakula, ila kwa anayetafuta upungufu wa chuma ni dokezo ambalo sindano haitakupa.

Sahani haijui kama chuma kilifyonzwa. Mama anaweza kula mchicha kila siku na kuushushia chai ya rangi, ambayo huzuia chuma kisifyonzwe. Damu kwa upande wake haijui ni chakula gani kilichokosekana. Kama utakachokifanya ni bustani za mboga au mafunzo ya uji wa mtoto, sahani inatosha na damu ni anasa. Kama ni vidonge au kurutubisha unga, lazima damu.

Kwa afisa wangu nilipendekeza hivi: aachane na wazo la "hali ya vitamini na madini" yote. HB ya mshipani kwa akina mama na watoto kwenye mitaa mitatu badala ya sita, mchomo huo huo utoe na seramu, vichupa viwili, feritini na CRP na AGP na RBP kwenye maabara moja. Mkojo wa akina mama kwa kuwa tayari yuko mlangoni. Maswali ya sahani kwa wote. Zinki hapana. Na kabla hajanunua hata glovu moja, amwandikie bosi wake mstari mmoja: mtoto akikutwa na feritini ndogo na CRP ya kawaida, kituo gani kitampa chuma, na nani atambeba jibu hilo mpaka nyumbani kwake.

Juzi amenipigia tena. Bosi amekubali mitaa mitatu. Anatafuta mahali pa kukodi friza lenye jenereta, na nimemwambia atakapolipata aombe kuonyeshwa dizeli.